Kipepeo anayevaa nguo za wenziwe: siku zangu za Pete

Siku ya 1, Jumamosi

Niseme mapema, mie fundi cherehani, si mtu wa wadudu. Kibanda changu kipo Ng'ambo, mjini Unguja, nashona sare za skuli, mapazia, na buibui za dharura za watu waliokumbuka harusi jana yake. Kipepeo kwangu ilikuwa ni ile tai ya bwana harusi basi. Sasa mwezi wa sita huu, masika yashakwisha na kipupwe kimeanza, kijana mmoja kanipigia kutoka kijiji cha Pete, karibu na msitu wa Jozani, anasema bibi yake anafuga vipepeo na vizimba vyake vimeoza kwa mvua, wanataka vipya vya chandarua vyenye zipu, na mikono. Mikono ya nini? "Mikono tu fundi, uje utaona."

Nimepanda gari la Makunduchi na cherehani ya mkono, ile ya chuma, nzito kama deni, na roli mbili za chandarua. Konda kanitoza cherehani nauli ya mtu mzima na sikubishana mana ilikaa kiti kizuri kuliko changu. Mwanakwerekwe, Tunguu, Bungi, halafu miti inaanza kukuzidi urefu na matuta barabarani yanaanza, yale waliyoyaweka baada ya kima punju kuzidi kugongwa na magari. Wanyama hawa asili yao duniani ni kisiwa hichi tu, wamehesabiwa wapo zaidi ya 5,800, na tulipopita wapo watatu wamekaa juu ya ukingo wanatuangalia kama wazee wa baraza wanavyomuangalia mgeni.

Bi Mkubwa nimemkuta uani, kanga moja kiunoni moja kichwani, anamwagilia miche ya mindimu na milimau iliyopangwa kwenye makopo ya rangi. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu, kaa ule. Muhogo wa nazi na ngisi. Nimekula mpaka nikasahau kilichonileta.

Jioni kanishika mkono mpaka kwenye mche mmoja kaniambia tazama. Natazama, jani. Tazama vizuri. Jani. Akalipindua kidogo kwa kidole, hapo pembeni kuna kidoa cha njano mpauko, mviringo kabisa, si kikubwa kuliko kichwa cha pini. Ndo yai. Anasema mama yake halundiki mayai pamoja, anataga moja hapa, anaruka, moja kule, kwa sababu watoto hawa wakikaa wengi jani moja watamaliza chakula, na adui akimuona mmoja basi kawaona wote. Nikauliza mama yake yupi, nimuone. Akacheka. "Huyo utamuona sana tu, ila hutamjua."

Sijaelewa. Nimelala saa tatu.

Siku ya 2, Jumapili

Nimeanza kushona saa moja asubuhi, barazani, na sasa najua mikono ni nini. Unachukua chandarua unashona bomba, kama mkono wa shati lisilokuwa na shati, huku wazi na huku wazi, kila mwisho unapitisha njia ya kamba. Wanaliingiza tawi zima la mlimau ndani, viwavi wanakaa humohumo wanakula, wanafunga kamba huku na huku. Ndege haingii, nyigu haingii. Kazi nyepesi, nikajisemea. (Mtaniona kesho.)

Mchana mjukuu wake kanifundisha viwavi. Kijana kamaliza skuli juzijuzi, anajua hadi majina ya kilatini na anayatamka kwa lafudhi ya Kimakunduchi, raha tupu. Kipepeo mwenyewe anaitwa Papilio dardanus, ni wa msituni, wa vivuli na pembezoni mwa miti mikubwa, tofauti na binamu yake Papilio demodocus ambaye huyo ukiwa na mndimu mmoja tu nyuma ya nyumba mjini atakuja kukutembelea. Porini dardanus anataga kwenye miti ya ukoo wa ndimu, ile ambayo ukivunja jani unasikia harufu ya limau ijapokuwa haizai kitu cha kuliwa na mtu. Hapa uani wanamzoesha mindimu.

Yai linakaa siku kama tano. Anatoka kitu kama uzi uliokatika, rangi ya udongo, na baada ya siku chache ana doa jeupe mgongoni na unyevunyevu fulani, yaani ukimuona unasema ndege kapita hapa kajisaidia. Ndo kinga yake. Nani atakula mavi? Anakua, anavua ngozi, anakua, anavua ngozi, mara nne, kama mtoto anayebana sare kila muhula, na akifika ile nguo ya mwisho anageuka kijani kama jani lenyewe, mnene, kidole changu cha kati hivi. Hapo mavi hayamfai tena mana ndege gani atoe mavi makubwa namna hiyo.

Nikamgusa. Jamani. Nyuma ya kichwa pakachomoza pembe mbili laini, zimepanda kama ulimi wa nyoka, zimelowa, na harufu! Siwezi kuisema vizuri, chukua ndimu iliyooza uitie kwenye soksi. Kijana anacheka, anasema hiyo ni ya kufukuzia sisimizi na nyigu wadogo. Vidole vimenuka mpaka magharibi, nimetawadha mara mbili.

Usiku kabla sijalala nikasikia mvua nyepesi chumba cha pili, tap tap tap, nje kukavu. Ni viwavi waliomo ndani ya vizimba, wanakula na mavi yanaangukia nailoni iliyotandikwa chini. Usiku kucha.

Siku ya 3, Jumatatu

Sina hamu ya kuandika leo ila ntaandika.

Jana jioni tulivisha mikono yangu mipya minne kwenye mlimau mkubwa wa nyuma, kila mmoja na viwavi wake, jumla ishirini na kitu. Asubuhi Bi Mkubwa kaenda kuangalia, karudi hasemi. Nikaenda. Mkono wa tatu umejaa sisimizi wa maji moto, wale wekundu wanaoshona majani kwa nyuzi, wamejaa ndani wanabebana, viwavi kumi na moja hawapo au wapo vipande. Walipita wapi? Kwenye njia ya kamba. Mie nimeshona njia pana, kidole kinaingia, kwa sababu mazoea yangu ni kamba ya suruali ya kulalia, na kamba waliyonipa ni nyembamba, ikabaki nafasi. Nimepima mlango kwa kamba niliyoizoea mie wakati wa kupima ni kwa mdudu.

Hakunigombeza, na bora angenigombeza. Kasema tu, "Hao ni vinara wa mti huu, walikuwepo kabla yako." Kisha kaniambia habari ambayo nimeizungusha kichwani siku nzima, kwamba huko porini mwenyewe akiachwa bila mkono bila kizimba, katika mayai mia wanaofika kuruka ni wachache mno, wengine wanaliwa mayai, wengine wanatobolewa na nyigu wadogo wanaotaga ndani yao, wengine ndege, wengine mvua. Kwa hiyo na hao kumi na moja msituni wangekwenda tu. Najua ananipoza.

Nimefumua mikono yote minne. Njia ya kamba sasa ni nusu sentimita na ncha zake nimezishona mara mbili. Tawi tumelisafisha, shina tumelipaka grisi ya gari. Vizimba vya ndani kila mguu umesimama kwenye kopo la maji yenye mafuta ya taa kidogo, hii walikuwa wanafanya wenyewe tangu zamani, mie nadhani nimekuja na ufundi kumbe ufundi nimeukuta.

Siku ya 4, Jumanne

Hii ndo siku yenyewe. Tumekwenda msituni, mie na kijana, Bi Mkubwa kakataa kasema magoti.

Jozani ni hapo hapo karibu, tumekwenda kwa miguu. Ndo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, tangu 2004, pamoja na ghuba ya Chwaka ni kama kilomita za mraba 50, na chini ya ile miti mirefu maji yanapanda karibu na uso wa ardhi, kipindi cha masika unaweza kukuta njia imekuwa bwawa. Tumefika saa mbili unusu na hakuna kinachoruka. Kijana anasema tulia, wanangoja jua. Kipepeo hana moto wake mwilini, mpaka mbawa zipate joto ndo injini inawaka. Usiku analala amening'inia chini ya jani.

Saa tatu na kitu jua likafika njiani, vipande vipande, na hapo nikamuona dume. Mkubwa, ukimtanua atafika upana wa kiganja changu, na kwa kuwa mie nazungumza kwa nguo ntamueleza kwa kanga: mji wake rangi ya siagi, pindo jeusi, na nyuma mikia miwili inayoning'inia kama ncha za kilemba. Anakwenda na njia, haendi ovyo, anapita kwenye vipande vya jua, anafika mwisho wa uwazi anageuka anarudi, kama konda anayetafuta abiria. Ndo anatafuta jike. Mwengine akaja, wakazungukana juu kwa juu wakapotea kwenye matawi, mmoja akarudi na doria ikaendelea. Baadae tukamkuta mwengine chini kwenye matope, kakaa kimya ananyonya unyevu, kijana anasema madume wanafuata chumvi.

Nimemfukuza yule wa njano kwa simu yangu saa nzima, picha ishirini, kumi na tisa ni majani. Nikamuuliza jike yuko wapi, mbona hatumuoni hata mmoja mwenye mikia. Kijana kasimama kanitazama. "Fundi, umeshampita mara tatu."

Na kweli. Kulikuwa na mmoja mweusi mwenye mabaka meupe, anaruka polepole kwenye kivuli kama hana haraka ya maisha, nikasema huyu wa aina nyengine, sikumpiga picha. Kulikuwa na wa rangi ya chungwa mwenye ncha nyeusi na madoa meupe, huyo namjua tangu utoto, yupo kila pahala, nikampuuza. Mweusi kumbe ni jike la dardanus. Na wa chungwa, kijana kamfuata, kamuangalia alivyotua, kageuka kasema na huyu pia.

Hawana mikia. Hawana rangi ya dume hata kidogo. Na hawafanani wao kwa wao!

Ngoja niieleze nilivyoielewa mana nimeuliza mara nne. Yule wa chungwa wa kila pahala, wa kweli, anaitwa Danaus chrysippus, akiwa kiwavi anakula mimea yenye utomvu mweupe wa sumu, na sumu inabaki mwilini mpaka anaruka. Ndege akimla anatapika, hamgusi tena maisha yake. Ndo mana anaruka pole, anajionesha, hana wasiwasi. Weusi na weupe wa jamii ya Amauris nao vilevile, ni wachungu. Sasa jike la dardanus hana sumu yoyote, kala majani ya ndimu tu maskini, ni chakula kizuri kabisa. Alichofanya ni kuvaa nguo za wale. Na si nguo tu, hata mwendo kauiga, ile kuruka kivivu.

Nikamuuliza kwa nini asichague nguo moja wakashona wote sare. Hapa ndo kijana kanijibu kwa lugha yangu bila kujua. Kopi zikizidi sokoni watu wanashtuka. Ukiwa na kitenge kopi kimoja kwenye duka lenye vya kweli tisa, unauza. Ukiwa na kopi tisa na cha kweli kimoja, mteja wa kwanza tu akafua kikachuja anakwenda kuwatangazia wote. Ndege naye akikutana na wa chungwa wengi watamu ataacha kuogopa chungwa. Kwa hiyo inawafaa wagawane, huyu aige huyu, yule aige yule, wachache wachache kila upande, na barani Afrika mitindo ya majike hawa inapita kumi. Ila Madagaska jike anavaa kama dume, njano na mikia.

Na dume kwa nini haigi? Kasema wanavyoeleza ni kwamba jike ndo mzito, ana mayai, inambidi aende jani kwa jani taratibu mchana kweupe, na dume akibadilisha nguo majike watamjuaje. Mie nimeikubali ijapokuwa naona kama majibu ya baraza kidogo.

Usiku nimenunua bando nikaingia mtandaoni, sikulala mpaka saa saba. Wazungu waliwaandika majike hawa kama vipepeo tofauti kabisa, kila mmoja na jina lake, mpaka mwaka 1869 ndo Roland Trimen wa Cape Town akachapisha kwamba hawa wote ni wake wa bwana mmoja, na wenzake wengine walikataa kabisa. Sasa mie nikaona aah, basi si mie peke yangu niliyempita mara tatu.

Halafu hili, na hili ndo limenifanya nimuamshe mke wangu kwa simu. Alikuwepo daktari wa Liverpool, Uingereza, Cyril Clarke, daktari wa watu, vipepeo ilikuwa mapenzi yake tu ya pembeni. Yeye na mwenzake Philip Sheppard wakawa wanazalisha dardanus hawa, anamshika dume kwa vidole hivi na jike hivi anawakutanisha kwa mkono, kusudi ajue nguo inarithiwaje. Wakaona mtindo wa nguo unashuka kama fungu moja, haukatwi vipande, na kwamba dume naye anabeba urithi wa nguo ambayo hatoivaa, anawapa watoto wake, na wanaokuja kuivaa ni mabinti tu. Ndo mana tumbo moja unaweza kupata mabinti wa mitindo tofauti. Sasa ule mpangilio ukamkumbusha makundi ya damu ya Rh, yale ya chanya na hasi, akaanza kufikiria wale watoto wanaoharibika kwa sababu mama ni Rh hasi na mtoto chanya, na miaka ya 1960 timu yake ya Liverpool ikawa miongoni mwa walioleta sindano ya anti-D.

Mke wangu ni O hasi. Alipojifungua wa kwanza tulihangaika na hiyo sindano siku mbili, ndani ya masaa 72 lazima awe kachomwa, la sivyo mwili unaweza kujifunza kupigana na damu ya mtoto na ujauzito unaofuata ndo unalipa. Tuliipata. Wa pili yuko chekechea saivi anapasua viatu. Nikamwambia yote haya saa saba usiku. Kanyamaza, nikadhani kalala. Kisha kasema, "Kwa hiyo wewe huko umekwenda kushona au umekwenda kutafuta shemeji zako?" Akakata.

Siku ya 5, Jumatano

Asubuhi Bi Mkubwa kaniita niache cherehani. Kiwavi mmoja mkubwa kaacha kula tangu jana, kajisafisha tumbo, mavi ya mwisho yalikuwa majimaji, kisha kazunguka kizimba chote kama anayetafuta nyumba ya kupanga, mwisho kachagua kijiti. Kanivutia kibao kanikalisha mbele yake. Ndo nimekaa hapo, sikushona kitu mpaka adhuhuri.

Kwanza kashona kipande kidogo cha hariri kwenye kijiti, kichwa kinakwenda kushoto kulia kushoto kulia, kama mtu anayetilia mkono tundu la kifungo, juu kwa juu mpaka pamekuwa peupe. Kageuka, kashika pale kwa miguu ya nyuma. Kisha akaanza mshipi. Hapa mie mwenye miaka kumi na tisa kwenye kazi nimenyamaza. Anabandika uzi ubavu mmoja wa kijiti, anauvuta kwa mdomo kichwa kikipita juu kama daraja mpaka ubavu wa pili, anabandika, anarudi kwa njia ileile, uzi juu ya uzi, na nyuzi zote anazishikilia kwa miguu ya mbele zisipotee. Sikuhesabu vizuri lakini zilipita ishirini. Alipoona inatosha akainamisha kichwa akapenya chini, mshipi ukakaa mgongoni sawasawa, akajilegeza kuangalia kama unabeba. Haukulegea hata kidogo. Mie ningepima kwanza.

Amekaa hivo kajikunja mpaka usiku na kesho yake alfajiri ndo akavua (nalitia hapa hapa nisije nikasahau). Ngozi ikapasuka nyuma ya kichwa, ikawa inateremka kama soksi inavyovuliwa, chini yake kuna kitu kibichi cha kijani, laini, bila miguu. Pabaya ni mwisho. Ngozi imeshuka mpaka mkiani na inambidi achomoe ncha ya mkia nje ya ngozi aichomeke kwenye kile kipande cha hariri, wakati huo kilichomshika ni mshipi tu. Akajinyonga, akachomeka, akajitikisa mpaka ngozi ikaanguka. Saa moja baadae umbo limekaza, na ukimtazama ubavuni ni jani, jani kabisa.

"Sasa huyu anaitwa pupa," Bi Mkubwa kasema, "na ukiwa na pupa humpati." Nadhani huwaambia wageni wote, lakini kalisema kama ndo kwanza limemjia.

Siku ya 6, Alhamisi

Kazi tu. Vizimba vinane vimekwisha, mikono kumi na minne. Zipu mbili zimeng'ang'ania nimezipaka mshumaa.

Jioni wamekuja majirani wawili nao wanafuga, wakazungumza biashara. Pupa wanawapeleka kwenye vituo vya watalii hapahapa kisiwani, watu wanalipa kiingilio kuwaona wakitoka. Kule Gede, Kenya, wenzao walianza tangu 1993 na pupa zao zinapanda ndege hadi Ulaya. Bara, watu wa Amani kule Tanga nao walikuwa wanasafirisha mpaka 2016 serikali ilipozuia kutoa wanyama hai nje ya nchi, na wadudu wakaingia humohumo. Mmoja kasema jambo nimelipenda, kwamba tangu aanze kufuga hajakata kuni msitu wa nyuma ya kwake, si kwa kuwa kaambiwa, ila majani ya kulishia na majike ya kupandia mbegu mpya anayatoa huko. Ukifuga ukoo mmoja muda mrefu bila damu mpya, anasema, mbawa zinaanza kutoka zimekunjamana.

Siku ya 7, Ijumaa

Nimeswali hapo, nimekula pilau, nimelipwa. Nyongeza kanipa pupa tatu, mbili za zamani na yule niliyemuangalia akishona, kijiti chake kimekatwa hivohivo, zote zimebanwa kwenye sanduku la viatu nililolitoboa kwa sindano ya magunia. Kaniambia usizilaze, zining'inie. Zikilala, akitoka hana pa kupanda kutundika mbawa.

Konda aliponiuliza mna nini humo nikasema mayai. Kashika pembeni kama yai kweli.

Siku ya 11 mpaka ya 20, nyumbani

Sanduku liko juu ya kabati la vitambaa. Watoto wanaliangalia kuliko tivii.

Siku ya 11 pupa moja imekuwa ya kahawia, si kahawia nzuri. Kesho yake ina tundu dogo la duara na juu ya kifuniko wanatembea vinyigu vidogo vyeusi vinavyong'ara, vingi, vimemla kwa ndani vyote. Nikampigia kijana, kasema alitobolewa siku ileile alipokuwa laini, hata nyie hamkuona. Binti yangu kalia kidogo.

Siku ya 14 asubuhi, kabla sijaenda kibandani, dume. Tulimkosa akitoka, tumemkuta keshatundika, njano, mikia ameikunja bado. Mchana kaondoka dirishani, kapita juu ya mabati na nyaya za umeme za watu, sijui kaenda wapi.

Yule mshonaji alikaa siku kumi na tatu. Usiku wa kumi na mbili ganda likawa kama kioo cha chai na ndani unaona weusi. Saa moja na nusu asubuhi ikapasuka, akatoka miguu kwanza, akapanda kijiti, na mbawa zake, wallahi, zilikuwa kama kitambaa kilichotolewa kwenye ndoo kikakamuliwa na mtoto. Viduduchu, vimejikunja. Kisha akaanza kupampu, tumbo linabana linaachia, unaona mikunjo inajitoa kuanzia kwenye bega mpaka ncha, bila pasi, dakika kumi na tano hivi. Chini akadondosha matone mekundu ya udongo, mke wangu kasema damu, nikamwambia si damu, ni taka alizobaki nazo, kasema sasa umekuwa daktari.

Mbawa zilipokaa zilikuwa nyeusi na mabaka meupe. Hana mikia. Pembeni bawa la kulia lina mkunjo mdogo haukutoka.

"Si ulisema njano?" mke wangu.

"Huyu ndo jike lake."

Kamtazama muda mrefu. "Haya. Nani kamwambia avae hivi?"

Nikamwambia babaake. Na babaake hajawahi kuivaa.

Mjini hapa hana mume wala kivuli, nikamtia kwenye karatasi iliyokunjwa pembe tatu kama kijana alivyonielekeza, mbawa zimefungwa juu, karatasi ndani ya boksi la plastiki lenye kitambaa kilicholowa, nikampa dereva wa gari la saa nne. Saa saba Bi Mkubwa kapiga mwenyewe, yeye hapigi simu. Kafika mzima, kashanyonya maji ya sukari, mkunjo hauna neno anaruka. Na anataka mikono mingine sita kabla ya mwezi mosi, na kamba safari hii ntaletewa kwanza ndo nishone njia yake.

Nimeandika kwenye daftari la oda.